Benchi la Mwisho

Umefika kwa treni ya mizigo,
boksi limefungwa kamba ya katani kana kwamba ndani mna kuku.
Nilipolinyanyua pale stesheni ya Tabora
nilimtazama karani: "Hiki tu?"
Akasema, "Sahihi hapa."

Mimi nilizoea ng'ombe.
Mtambo wetu wa zamani ulibebwa na wanaume wawili
na wa tatu wa kushika waya zisiburute.
Chaneli ishirini na nne, nne zimekufa,
ya saba huamka ukiipiga kofi, na si kofi lolote:
mgongo wa kidole, karibu na skrubu ya pili.
Kofi hilo nililirithi kwa marehemu Kapaya.
Hakuliandika popote.

Huu wa leo unaenea kwenye mkoba wa shule.
Nikauweka juu ya meza ya mchungaji, nikauzunguka.
Hauna vitelezi. Hauna vifundo.
Uso mtupu kama sahani iliyooshwa,
matundu kumi na sita, na kitaa kimoja cha buluu
kinachokonyeza, sijui kinamkonyeza nani.
Nikapapasa pa kushika.
Mkono wenye miaka kumi na moja katika kazi hii
ukawa mgeni asiyejua mlango uko wapi.

Mwashi, binti wa mwinjilisti, akacheka,
akanipa kishikwambi: "Baba Sizya, viko humu."
Kweli, vimo. Vimechorwa.
Unatelezesha kidole, kioo hakikujibu kitu,
na kule ukumbini spika inanyanyuka.

Halafu unatunza. Ukishaipanga Jumapili
unaipa jina, unaifunga, na Jumapili ijayo
unaiamsha ilivyolala. Hapo nilistuka.
Sijawahi kuiona Jumapili ikirudi vilevile:
Mama Kaswende huja na mafua, Nhelela huja na deni,
sauti zao hazikai mahali.

Malalamiko ninayo.
Umeme ukikatika (na Isevya tunajuana na umeme)
ule wa zamani ulirudi pamoja na taa;
huu hujikusanya kwanza, dakika nzima na ushee,
mchungaji amesimama, mkono juu, neno mdomoni.
Tena hauna mvumo. Ule mvumo wa chini, mmm,
ndio ulionijulisha kwamba tuko hai.
Sasa kimya ni kimya kweli. Kabla ya wimbo kuanza
namsikia Mama Kaswende akimeza mate.

Lakini Jumamosi, kwenye mazoezi,
Mwashi akaniambia, "Si lazima ukae hapo."
Hapo: kona yangu nyuma ya nguzo, kushoto kwa kinanda,
nilikofungwa na waya kama mbuzi wa sikukuu.
Nikainuka na kishikwambi changu.
Safu ya tano. Ya tisa. Benchi la mwisho,
lile la mlangoni wanapokaa wanaonyonyesha
na warina asali wanaochelewa kutoka porini.
Nikakaa.

Kwaya ikaimba. Sikupata neno hata moja.
Besi, besi, na ukuta ukiijibu besi.

Miaka kumi na moja.
Kumbe Nyamizi aliponiuliza nje ya kanisa,
mtoto mgongoni, "Leo wameimba nini?"
hakuwa akinitania.

Nikaipunguza besi, kidogo, kidogo tena,
maneno yakaanza kunifikia moja moja,
kama abiria wa behewa la mwisho,
lile lisilofika kwenye jukwaa,
wanaoruka na mizigo yao kokotoni.
Kisha waifai ikapotea.
Nikabaki kidole hewani, kwaya inaendelea.

Ule wa zamani tumeulaza chini ya ngazi, umefunikwa kanga.
Nikipita naupiga: mgongo wa kidole, skrubu ya pili.
Jana Mwashi kaniuliza kwa nini.
Nikafunua kanga, nikamwonyesha mahali.